Kofia ya Herufi ya Tatu

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Kwako, daftari langu la heshima. Pokea salamu zangu nyingi baada ya kimya kirefu. Natumai u salama huko chini ya magodoro ya akiba, nilikokutoa leo ukinuka dawa ya nondo. Mimi pia ni mzima kwa kadiri ya umri, ukiacha goti la kushoto. Naomba radhi kwa kuchelewa. Nilikusudia kukuandikia Jumatatu baada ya maziko, nami nimekuandikia Jumatatu. Ila imepita miaka minne katikati.

Sababu ya kukusumbua ni kwamba nina mpango.

Ubao wa taa ulio juu ya mlango wa maktaba ni kazi ya mikono yangu. Vyumba kumi na sita, kila chumba kikionyesha herufi moja. Niliuunda mwaka ule ofisi ya simu za maandishi ilipofungwa, nikarudishwa nyumbani pamoja na kiti changu. Marehemu mke wangu alikuwa ameianzisha maktaba muda mfupi kabla ya hapo. Yeye alishika ngazi, mimi nikashika koleo. Programu ya ubao niliiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, kutoka katika kitabu alichonisomea kwa sauti huku nikichapa. Akifika penye mabano alisema "mlango", na baadaye "funga mlango". Mpaka leo nikiona mabano namsikia akifunga milango.

Jumatatu ijayo maktaba inatimiza miaka thelathini. Wageni watakuja. Kamati inataka jina la mwanzilishi liwake juu ya mlango. Jina hilo lina herufi kumi na moja, na ya tatu huvaa kofia, alama ndogo juu ya kichwa chake, kwa mwandiko wa upande wa mama yake. Miaka yote nililiwasha bila kofia. Nilimweleza kwamba ubao hauna uwezo. Akasema sawa, mume wangu, nitatembea kichwa wazi, siku moja utanivika. Nikasema siku moja. Nilisema hivyo kila mwaka.

Leo Mkutubi, binti mpole aliyeshika nafasi yake, amelichapa jina pamoja na kofia yake. Ubao ukaonyesha herufi mbili za kwanza vizuri. Kisha vitu viwili visivyo na sura, mithili ya wadudu waliokanyagwa. Kisha herufi zilizosalia, kila moja imesukumwa chumba kimoja kutoka mahali pake.

Kwa bahati mbaya Fundi Redio alikuwepo. Fundi Redio ana duka ng'ambo ya barabara na ana maoni. Amesema chombo hiki kilistaafu kabla yangu. Amesema dukani ana kioo kipya kama cha televisheni, kipana, chenye rangi zote, naye yuko tayari kukitoa zawadi. Shemeji, mdogo wa kike wa marehemu na mwenyekiti wa kamati, amemsikiliza kuliko ilivyostahili. Kisha akatoa hukumu. Jumamosi saa nne asubuhi kamati itatazama. Jina likiwaka sawasawa, ubao utabaki. Lisipowaka, utashushwa, na taa zake Fundi atazichukua kama vipuri.

Kama vipuri.

Kwa hiyo mpango una sehemu mbili. Kwanza, kumvika mke wangu kofia yake. Pili, kumzuia Fundi. Mungu anisamehe hiyo ya pili.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimeanza na ya pili, kwa kuwa ni nyepesi.

Fundi hawezi kutundika kioo bila kupima ukuta. Hawezi kupima ukuta bila ngazi ya maktaba. Nimeichukua ngazi ya maktaba. Nimeibeba adhuhuri, nikipita barabara kuu, kwa sababu uchochoroni siwezi kwa goti hili. Watu kumi na mmoja wamenisalimu. Nimewajibu wote, kwani adabu haina likizo. Ngazi sasa imelala nyuma ya nyumba yangu chini ya turubai. Inatokeza pande zote mbili.

Mchana nikafungua kitabu cha C. Mgongo wake umeshonwa na marehemu kwa uzi wa vifungo. Ugonjwa nimeuona. Zamani herufi moja ilikaa katika baiti moja, yaani nafasi moja ndogo ya kumbukumbu ya kompyuta, nayo baiti moja ikapelekwa chumba kimoja. Siku hizi herufi ya kawaida bado huridhika na baiti moja, lakini yenye kofia huchukua mbili, kama bwana mnene anayekalia nafasi ya watu wawili kwenye benchi. Programu yangu haimtazami bwana. Huhesabu nafasi. Hivyo humkata vipande viwili na kupeleka kila kipande chumbani kwake. Ndio wale wadudu.

Dawa imo katika sura ambayo hatukuifikia. Utepe wake bado umo mwanzoni mwa sura hiyo. Alikifunga kitabu hapo jioni moja akasema tutaendelea kesho, na kesho ikaja na mambo yake. Nimekaa kidogo na utepe huo kabla ya kuuondoa. Kisha sikuuondoa. Nimesoma nikiuzunguka.

Sura inaeleza habari za herufi pana. Herufi pana zote ni sawa: iwe nyembamba, iwe nene, iwe na kofia, kila moja hupewa nafasi moja kubwa inayoitosha. Unaingiza mfuatano wa baiti upande huu, zinatoka herufi pana upande ule, moja kwa chumba kimoja. Amri ya kazi hiyo huitwa mbstowcs. Jina halitamkiki. Nimelijaribu mara tatu, paka akatoka nje.

Nikaiuliza programu: jina la mke wangu lina herufi pana ngapi? Nikangoja kumi na moja. Imenijibu kwa nambari yenye tarakimu ishirini. Nilizihesabu kwa kidole kwenye kioo. Kwa dakika moja nilikubali, maana mtu yule hakuwa wa kawaida. Kisha programu ikaomba kumbukumbu ya kuzitosha zote, ikakosa, ikazima.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Nimempigia simu binti yangu, ambaye anaishi mbali na anakula kwa kazi hizi za kompyuta. Nikamsalimu, nikamwulizia afya, kazi, hali ya hewa, na nikaomba radhi kwa kumsumbua. Akasema, "Baba, niko kwenye mkutano, niambie umevunja nini."

Nikamweleza tarakimu ishirini. Akacheka kicheko cha mama yake, kile kinachoanzia puani. Amesema huo si wingi, Baba, huko ni kukataliwa. Amri ikishindwa kusoma hurudisha moja ya chini ya sifuri, na mimi nimeipokea katika chombo kisichojua vya chini ya sifuri, kikaigeuza kuwa mlima. Akauliza kama mwanzoni mwa programu niliita setlocale. Nikasema sikualikwa kuiita. Akasema, "Umeingia nyumba ya watu bila hodi, Baba. Iambie kwanza unatumia herufi za wapi. Usipoiambia, haijui kofia ni kitu gani."

Nimeona aibu. Mimi, niliyechapwa viboko sita na Bradha, mtawa msimamizi wa bweni letu la shule, kwa kuingia stoo bila kubisha. Nimeongeza mstari wa hodi, juu kabisa, kabla ya neno lolote. Nikauliza tena. Kumi na moja.

Nimechukua karatasi ya miraba nikaichora kofia: taa mbili za pembeni, moja juu katikati. Safu mbili za juu za kila chumba hazikuwahi kutumika. Miaka thelathini zilikuwa giza tupu, kumbe zilikuwa zinangoja.

Kabla hajakata simu, binti yangu aliuliza safu yangu ya herufi pana ina nafasi ngapi. Nikasema kumi na sita, kama ubao. Akasema ongeza moja, iwe kumi na saba. Nikamkumbusha kwa upole kwamba vyumba ni kumi na sita, nami nilivitundika mwenyewe. Akasema hiyo ya kumi na saba ni ya sifuri ya mwisho, ishara ya kuonyesha kwamba maneno yamekwisha. Programu yangu mpya haihesabu kama ile ya zamani. Husoma mpaka ikutane na sifuri. Maneno yakijaza nafasi zote, sifuri itakosa pa kukaa, na programu itapitiliza.

Nimemshukuru sana. Sitafanya hivyo. Sifuri ni kitu kisichokuwepo. Asiyekuwepo hahitaji kitanda. Bwenini tulilala wawili wawili, naye Bradha hakuwahi kumtandikia mtu ambaye hakuja.

Ili kujaribu, nilihitaji maneno ya kuchezea. Nimetengeneza safu tatu katika kumbukumbu, zimepangwa moja baada ya nyingine kama vitanda. Ya kwanza ni ya jina. Nyingine mbili ni za majaribio. Katika ya pili, bila kutafakari, kidole kikachapa FUNDI REDIO NI DEBE TUPU. Katika ya tatu kikachapa SHEMEJI HUKOROMA KIKAONI, jambo ambalo ni kweli. Nitayafuta kesho. Hakuna atakayeyaona. Ubao huonyesha safu ya kwanza tu.

Nimekumbuka jambo. Tulipokuwa vijana, mimi nilikuwa karani wa simu za maandishi katika kituo kimoja, yeye karani katika kituo kingine, mwendo wa siku nzima kwa garimoshi. Hatukuwa tumeonana. Kila ujumbe ulipaswa kufungwa kwa ishara ya mwisho, pigo moja fupi, ili anayepokea ajue aweke kalamu chini. Mimi sikuigonga. Mwanzoni nilisahau. Baadaye sikusahau. Yeye akabaki kalamu mkononi, akingoja neno linalofuata. Siku ya tatu alinigongea: umemaliza au bado? Nikamgongea: bado. Tuliendelea hivyo kwa miezi minane, mpaka msimamizi wake akaandika barua ya malalamiko. Barua hiyo ilisomwa kwenye harusi yetu.

Sijui kwa nini nimeikumbuka leo.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Mpango mpya juu ya Fundi. Nimemwalika chai. Nia ni kumshika hapa mpaka alasiri, asipate wasaa wa kwenda kuhangaika na ule ukuta. Nilikusudia kumsimulia historia yote ya simu za maandishi, tangu waya wa kwanza.

Amekuja na begi la vifaa. Amekunywa vikombe vitatu. Amesikiliza mpaka waya wa pili, kisha akaitazama redio ya marehemu iliyo juu ya kabati, akauliza tangu lini haisemi. Nikasema tangu mwaka ule wa maziko. Akaifungua hapohapo mezani, kati ya vikombe. Akaifuta vumbi kwa brashi ndogo, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso. Akasema redio ni nzima, waya wa nje ndio umeanguka. Akauliza kama nina ngazi.

Nikaanza waya wa tatu. Akazunguka nyuma ya nyumba. Nikasikia turubai likifunuliwa.

Alipokuwa juu ya paa alisema, "Ngazi nzuri hii, Mzee. Inafanana sana na ya maktaba."

Nikasema ngazi hufanana, kwa kuwa zote huelekea juu.

Akasema, "Hii mpaka muhuri wa maktaba inao. Zimefanana kama pacha."

Aliporejea chini aliifunika vizuri kuliko nilivyoifunika mimi. Hata pande hazitokezi tena. Redio imesema. Ilikuwa kwenye kituo kilekile, na sauti ilikuwa pale alipoiacha, ya kusikika jikoni bila kuamsha jirani. Nimeinama nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa makubazi.

Ameondoka bila kudai hata shukrani. Huu ni ujanja wa hali ya juu. Mtu anayekutendea wema siku mbili kabla ya kukushinda ana jambo.

Kuhusu yale maneno ya majaribio: nimefungua programu kwa nia ya kuyafuta. Nikaona inafanya kazi. Programu inayofanya kazi haiguswi. Nimeifunga.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nimejaribu jina mara ishirini kwenye kompyuta ya nyumbani. Herufi kumi na moja, kofia kichwani, nafasi tano tupu zikifuata. Kamili.

Nilitaka kurudisha ngazi. Nimefika nayo mpaka getini nikakutana na Mkutubi akipita. Akaniamkia, akauliza kwa heshima Babu unahama? Nikasema natembeza ngazi. Akasema haya, Babu. Nimeirudisha nyuma ya nyumba.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Naandika mchana.

Saa tatu na nusu nilikuwa maktaba, koti limepigwa pasi. Nikaweka programu kwenye kompyuta ya ubao. Kamati ikaja, watu sita pamoja na Shemeji. Fundi akasimama pembeni na kioo chake ndani ya boksi, kama mtu aliyekuja na mchumba wa akiba harusini.

Dakika tano kabla ya saa nne Shemeji akaniuliza jina limeandikwaje. Nikamwonyesha. Akakunja uso. Akasema, "Shemeji yangu, dada yangu unamweka ukutani bila heshima, kama jina la duka la viatu? Tanguliza MAMA." Nikahesabu. MAMA ni nne, pengo moja, tano. Tano na kumi na moja ni kumi na sita. Kumi na sita kamili, sawa na vyumba. Niliona ni baraka kutoka juu. Hakuna chumba kitakachobaki tupu. Nikachapa.

Nikabonyeza kitufe cha kuanzisha programu.

Daftari langu, nakuomba uniwie radhi nikilieleza hili polepole. MAMA ikawaka. Kisha jina. Herufi ya kwanza, ya pili, na ya tatu na kofia yake: taa tatu ndogo ambazo hazijawahi kuwaka tangu dunia ya ubao huu iumbwe. Shemeji alijifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Mzee mmoja wa kamati alivua kofia yake mwenyewe. Nilimwona mke wangu akishuka ngazi, koleo langu mfukoni mwa aproni yake, akiniuliza kama sasa nimemaliza.

Kisha jina likaanza kwenda.

Ubao wangu una tabia moja: maneno yakizidi vyumba, huyasukuma kushoto ili mengine yaingie. MAMA ikatoka. Herufi ya kwanza ya jina ikatoka. Na upande wa kulia ikaingia F. Kisha U. Nilitambua kabla ya wengine, lakini kutambua si kuzuia.

Fundi husoma taratibu na kwa sauti. Alisoma yote. "FUNDI. REDIO. NI. DEBE. TUPU." Akasema, "Mzee, hili ndilo jina lake la ubatizo?"

Ubao ukafika mwisho, ukaanza upya. Una tabia hiyo nayo. Jina la marehemu, debe tupu, jina la marehemu, debe tupu. Programu ikishaanza huzimwa kwa swichi tu, nayo iko juu ukutani, nilipoiweka mwenyewe ili watu wasiichezee. Nikaomba ngazi. Mkutubi akasema ngazi imepotea tangu Jumanne, Babu. Kamati yote ikanitazama. Watu kumi na mmoja walikuwa wameshaeneza habari.

Nikaanza kutembea kwenda nyumbani. Fundi akanishika bega, akasema niache, goti lako hilo, mimi najua ilipo. Akaenda yeye. Debe tupu likawaka mara arobaini na moja kwa hesabu ya Mkutubi. Wapita njia walisimama. Muuza magazeti alikaa chini kabisa.

Fundi aliporudi na ngazi alipanda mwenyewe. Akiwa juu alisema, "Afadhali debe tupu, Mzee. Lililojaa lisingepanda hapa." Akazima.

Nikamwomba radhi mbele ya watu wote, kwa utaratibu, nikianza na redio, nikapitia ngazi, nikamalizia na debe. Ilichukua muda. Katikati akasema yatosha, Mzee, utanifanya nilie halafu kweli nitavuma. Shemeji alikuwa ameketi kwenye kidato cha mlangoni, mabega yakitikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka mpaka machozi. Amesema tangu dada yake atutoke, hakuna mtu aliyecheka mlangoni hapo. Amesema alikuwa amesahau kwamba jengo hili lina mwangwi.

Hukumu: ubao unabaki. Kioo kitawekwa ndani, chumba cha magazeti, na Fundi amekubali bila kinyongo. Sharti ni moja. Jumatatu, mbele ya wageni, Shemeji asione debe, wala ndoo, wala sufuria. Akaniuliza macho kwa macho kama humo ndani kuna maneno mengine ya aina hiyo. Akaongeza kwamba sikio la kufa halisikii dawa, na mimi nina masikio mawili ya namna hiyo.

Nikasema hakuna mengine yatakayosomeka. Nimelipima jibu hilo. Si uongo.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Baada ya ibada. Hali ya hewa nzuri. Redio jikoni.

Binti yangu ameshapata habari, sijui kwa mdomo wa nani. Ametuma ujumbe wa maneno matatu: Ongeza nafasi moja. Nimeona si adabu kumjibu kwa ufupi kama huo, nikamwandikia barua ya kurasa nne, ambayo nakunakilia kiini chake.

Nimemshukuru kwanza. Kisha nimemweleza kwamba nimelitafakari kosa kwa unyenyekevu, na nimeona halikuwa la nafasi. Lilikuwa la maneno. Programu ilipitiliza safu ya kwanza ikaingia ya pili, kama mgeni aliyekosea mlango, na huko akakuta matusi. Je, angekuta ukarimu, nani angelalamika? Basi jana mchana nimefuta lile neno la debe, na mahali pake nimeweka pengo moja kisha KARIBUNI KUSOMA. Sasa jina la mama yake litapita na kofia yake, na nyuma yake watu watakaribishwa. Ndivyo alivyokuwa akifanya mlangoni siku zote.

Nimemjulisha pia kwamba safu hiyo ya pili ilikuwa na nafasi arobaini. Israfu. Nimeipunguza ikawa kumi na sita, na ukihesabu pamoja na mapengo, maneno yangu yanajaza nafasi kumi na sita kamili. Safu zote mbili zimejaa pomoni. Hakuna hata nafasi moja iliyopotea kwa kumtandikia asiyekuwepo. Mama yake, nimemwambia, angefurahi.

Safu ya tatu, ile ya mkoromo, sikuigusa. Sikuitaja katika barua, kwa kuwa ni jambo dogo. Iko mbali, nyuma ya mbili zilizojaa, na programu inayofanya kazi haiguswi.

Sijaijaribu. Leo ni siku ya mapumziko, na kujaribu ni kazi.

Shemeji amepita baada ya ibada. Amekunywa chai, ameisikia redio, amekaa kidogo mahali dada yake alipopenda kukaa. Kisha akasema kwamba kesho, ili mikono yangu isije ikafanya mengine, programu ataiweka yeye mwenyewe na Mkutubi, na swichi ataiwasha kwa mkono wake mbele ya wageni wote saa nne kamili. Nimemkabidhi diski yenye programu. Ameitia kwenye mkoba, mfuko wa ndani, akafunga zipu.

Barua ya binti yangu ataichukua yeye pia. Anasafiri kesho kwa basi la saa nane mchana, mara baada ya sherehe, naye atalala kwa binti yangu wiki nzima. Amesema nisijisumbue kuandika mengi, maana yatakayotokea mlangoni atamsimulia yeye mwenyewe, neno kwa neno.